Mpunga wa Nyumba ya Selhou

Kila mwaka mvua zikikaribia, wageni huja Kohima, mji wa milimani kwetu, na ramani zao. Wakishamaliza kutembea kwenye makaburi ya askari hupanda hadi kijijini kwetu Zhavima, kwa kuwa mtu amewaambia yupo bibi huku anayeikumbuka vita ya Wajapani. Wananitandikia karatasi magotini. Mshale mwekundu ni Wajapani, mshale wa buluu ni Waingereza, hapa walizungukana, pale walishikana mashati. Halafu huniuliza, kwa sauti ile ya kumsemesha mgonjwa, kwa nini kilima chetu kilichelewa kuanguka wakati vilima vya jirani vilikuwa vimekwisha kuachwa. Nawaambia kilichelewa kwa sababu ya mpunga wa mume wa shangazi yangu. Wanatabasamu, wanamaliza chai yangu, wanaandika kitu kingine.

Shangazi yangu aliitwa Zakienuo. Alikuwa dada pekee wa baba yangu, Nikhrie. Wazazi wao walikufa kwa ndui wangali wadogo, na yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni akipanda na kushuka naye mashamba ya ngazi yaliyokatwa mlimani. Hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo, na wanaume walimwogopa, ndiyo maana alichelewa kuolewa. Mwishowe akamchukua Selhou, mtu mkimya ambaye akilini mwake mlikuwa na jambo moja tu, jiwe.

Kwetu zamani mtu hakupandisha pembe za mbao kwenye paa la nyumba yake kwa kutaka tu. Ilimbidi kwanza alishe kijiji kizima, nyama na pombe ya mchele mpaka watu washindwe kunyanyuka, kisha vijana wamburutie jiwe kubwa kutoka bondeni na kulisimamisha njiani, ili jina lake libaki. Selhou na shangazi hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo alitaka jiwe. Mwaka baada ya mwaka alivuna, akala kidogo, akaweka. Vihenge vyake vya mpunga vilijaza chumba cha mbele hata mgeni alipita kwa ubavu.

"Mume wangu ameoa mpunga," shangazi alikuwa akiwaambia wenzake kisimani. "Mimi ni mke mdogo."

Sherehe ilikuwa ifanyike baada ya mavuno ya mwaka ule. Wajapani wakafika kabla ya msimu wa kupanda.

Baba yangu alikuwa mkalimani wa serikali, mmoja wa wale waliovaa blanketi jekundu na kutembea mbele ya wazungu. Siku moja alikuja na Kapteni Harwood, kijana mwenye masharubu membamba, na wazee wakaitwa kwenye jukwaa la mawe. Kapteni alisema maneno mengi. Baba aliyafupisha.

"Anasema hivi. Wajapani wamevuka mito na milima kuja huku, na jenerali wao amewaambia wabebe chakula kidogo ili watembee upesi. Wakifika Kohima watakula maghala ya Waingereza. Hesabu yao yote ni hiyo. Na hesabu ya Waingereza ni kwamba maghala wasiyapate, na vijijini wasikute hata punje. Wakikosa kula watarudi wenyewe, au watafia hapa hapa."

"Na sisi tutakula nini?" aliuliza Mzee Leviso, aliyekuwa kuhani wa kijiji.

Baba hakumtafsiria kapteni swali hilo. Aliendelea tu. "Mpunga ufichwe msituni. Usiofichika, uchomwe."

Watu wakabeba. Kila nyumba ilichagua korongo lake, na baba alificha wa kwetu chini ya mwamba, juu kule kwenye miti mikubwa. Selhou ndiye aliyekwama, kwa kuwa wake haukuwa wa kubebwa na watu wawili. Walipomwambia auchome aliwatazama kama walevi. "Nichome jiwe langu?" alisema, akainama na tenga mgongoni, akashuka. Alikuwa katikati ya shamba kombora lilipomwangukia. Lilikuwa la Waingereza, lililokusudiwa kupiga barabara, likapungukiwa njiani. Kapteni alituma pole na pakiti ya sigara.

Sasa, kufa kwa namna hiyo, kwa chuma, kwa chui, kwa kuanguka gengeni, kwetu ni kifo kibaya. Maiti haingii ndani. Anazikwa alipoangukia, bila kilio kikubwa, na nyumba yake inaachwa vile vile ilivyo, sufuria jikoni, nguo kwenye kamba, mpunga kwenye vihenge, mpaka paa lianguke lenyewe. Mjane anaoga mtoni, anatoka na nguo aliyopewa na ndugu. Hakuna anayegusa kitu. Na kuchoma ni kugusa.

Shangazi alikuwa ameketi nje ya uzio, nywele zikichuruzika maji, amevaa shuka ya mama yangu, baba alipofika mbio.

"Dada, kapteni anataka nyumba ichomwe leo. Wajapani wako bonde la pili."

"Achome yeye," alisema Mzee Leviso. "Kapteni hana mikono?"

"Kapteni ameondoka. Kiberiti amenipa mimi."

"Basi washa, wewe mwenye blanketi la serikali. Washa tuone."

"Mimi nimebatizwa, mzee. Hayo yenu sina habari nayo."

"Walikumwagia maji kiasi gani, Nikhrie? Yalifika mpaka kwenye mifupa, au yaliishia kwenye nywele?"

Watu wakacheka, hata pale. Baba hakucheka. Alianza kwenda kwenye ile nyumba, na Mzee Leviso akamgeukia shangazi, akasema taratibu kabisa, kama anayemweleza mtu bei ya chumvi, kwamba kifo cha namna ile hakishibi na mtu mmoja. Mali yake ikiguswa na mkono wa ndugu, kitarudi kuchukua katika damu ya mjane. Naye mjane hakuwa na damu nyingine duniani ila yule aliyekuwa akienda na kiberiti, na sisi watoto wake.

Shangazi aliinuka, akamkuta mlangoni, akasimama mbele yake.

"Mpunga ukae," alisema.

"Dada, wataula wao."

"Wale. Wafe wao. Wewe usiguse."

"Wakila hawafi. Wakila wanapigana. Hujanisikia nikisema pale kwenye mawe?"

"Nimekusikia. Nimekulea kwa mgongo huu, Nikhrie. Nipe hicho kiberiti."

Akampa. Mtu aliyezoea kuwakemea wazee mbele ya wazungu alimpa dada yake kiberiti kama mtoto aliyekutwa akichezea moto jikoni. Kisha akamfuata kapteni bondeni, na shangazi akakifunga kile kiberiti kwenye pindo la shuka.

Sisi tulikuwa msituni na mama. Shangazi alibaki, kwa kuwa mjane hawezi kuliacha kaburi kabla ya muda wake, na Wajapani wakamkuta hapo. Sajini wao aliitwa Morita. Alikuwa mfupi, mifupa ya mashavu imetokeza, viatu vimefungwa kwa kamba za mgomba. Walipekua kila nyumba wakapata majivu ya jikoni tu. Walipofungua ya Selhou, alivyosimulia shangazi, walikwama mlangoni. Walisimama wakavua kofia. Mmoja alilia.

Alijaribu kuwaeleza kwa mikono. Alilala chini, akafumba macho, akauonyesha mpunga, akalionyesha kaburi. Sajini alielewa. Aliuinamia mpunga, akachukua punje chache akaziweka kizingitini kwa ajili ya marehemu, kwa adabu zote, kisha akampa shangazi mchi na kumwonyesha kinu. Shangazi alitupa mchi chini. Wakampiga kwa kitako cha bunduki, mfupa wa bega ukavunjika. Baada ya hapo alitwanga kwa mkono mmoja.

Huko msituni, Mzee Leviso alikuwa akituma watu wakachungulie, maana alijua wale askari hawawezi kula mali ya kifo kibaya wakabaki salama.

"Wameanza kuugua?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Hata kuhara?"

"Wameanza kuimba, mzee."

Mvua zikaingia. Hesabu ya Waingereza ilikuwa sahihi, nasema hivyo kwa haki. Kwenye vilima vingine Wajapani walikula majani, wakala konokono, wakachemsha mikanda, wakaanza kutoka usiku bila ruhusa na kuanguka njiani. Kilima chetu tu ndicho kilichokuwa na moshi wa sufuria asubuhi na jioni. Watu walioshiba huchimba. Walichimba mahandaki kwenye kuta za mashamba yetu, wakayaezeka kwa magogo ya nyumba zetu, na bombomu, bunduki ile ya kumimina risasi, wakaliweka kwenye ukuta wa nyumba ya Selhou, pale ambapo jiwe lake lilikuwa lisimamishwe, kwa sababu pale mtu huona barabara yote. Selhou alipapendea mahali hapo kwa sababu iyo hiyo.

Kapteni alishangaa. Alimwuliza baba, wale jamaa wanakula nini? Mkalimani mwenzake ndiye aliyemsimulia mama haya baadaye. Baba alisema hajui. Kisha akasema ipo njia ya mfereji wa maji inayopanda kwa nyuma, na kwamba yeye ataongoza. Hakuna aliyemwamuru. Alivua blanketi jekundu, akalikunja vizuri, akaliacha.

Walipanda kwenye mfereji, baba mbele. Askari wa bombomu aliwaona walipotokeza kwenye shamba la juu.

Shangazi alikuwa kwenye kinu. Alisikia bombomu likipiga, karibu sana, upande wa pili wa ukuta, na hakuacha kutwanga, kwa kuwa kuacha kulikuwa na kipigo chake. Walipiga, akatwanga. Walinyamaza, akaendelea. Kesho yake alipotumwa maji aliwakuta wamelala shambani, wazungu na mmoja asiye mzungu, uso ndani ya maji. Alimjua kwa visigino. Alikuwa amevipaka mafuta ya nguruwe tangu vikiwa vya mtoto.

Waingereza walijaribu tena na tena. Kilima kilianguka vihenge vilipokwisha, si kabla. Wengi wa Wajapani waliondoka katika mvua, na Sajini Morita akabaki handakini amekufa, begani kwake soksi mbili zimejazwa mchele uliotwangwa na shangazi. Kapteni Harwood alikuja kumpa mama yangu lile blanketi jekundu. Alimwambia kwa mdomo wa mkalimani mwingine kwamba mume wake alikuwa shujaa na kwamba mpango ulifaulu, njaa ndiyo iliyowashinda adui. Mama alishukuru. Alikuwa mwanamke wa kushukuru.

Ungedhani yalikwisha. Lakini baba alikufa kwa chuma.

Mzee Leviso alikuja kwenye kibanda chetu cha msituni, mvua ikimvuja puani, akasema lililompasa kusema. Nyumba ya Nikhrie ilikuwa imekwisha bomolewa na Wajapani, hivyo haikuwa na shida. Ila mpunga chini ya mwamba ulikuwa mpunga wa nyumba hiyo, umewekwa pale kwa mikono ya marehemu mwenyewe. Usiguswe.

"Na watoto, mzee?" aliuliza mama.

"Watoto watakula wanachokula wengine."

Wengine walikuwa wakila magimbi ya mwitu na majani. Mashamba yamejaa mashimo, msimu wa kupanda umepita, ng'ombe wameliwa na majeshi yote mawili. Waliokuwa na akiba zao msituni walizila kwa siri, kila nyumba ikiionea nyingine haya. Tulikuwa watoto watatu. Mdogo wetu wa mwisho, Pele, alianza kuvimba miguu, kisha uso, akawa anaonekana mnene. Mama alimpa maji ya majani. Kutoka tulipolala tuliweza kuuona ule mwamba. Pele alikufa akinyonya pindo la nguo ya mama, na matenga ya mpunga yako hatua chache kutoka pale, yamefunikwa vizuri na baba mvua isiyafikie.

Mzee Leviso alikuja kuzika. "Mnaona," aliwaambia watu. "Kimeanza kuchagua."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma, bega limekaa upande. Tangu Wajapani waondoke hakuna aliyemkaribisha kwenye moto, kwa kuwa alikuwa ametwanga ule mpunga.

"Huyu hakuchaguliwa, mzee," alisema. "Huyu amekosa uji."

Akapita katikati ya watu, akaenda kwenye mwamba, akafunua. Hakuna aliyemzuia, maana wa kumzuia angelazimika kumgusa. Alitwanga mchana ule mbele ya macho yao wote, kwa mkono mmoja, akapika, akaja nao kwa mama.

"Wifi, usitufanyie hivi," mama alisema. "Tafadhali."

"Fumba macho ufungue mdomo, wifi."

"Watatufukuza."

"Watanifukuza mimi. Mimi ndiye niliyewalazimisha. Sema hivyo. Waambie nilikushika taya."

Alitulisha sisi kwanza, mimi na kaka, kwa vidole vyake. Mimi naukumbuka ule wali. Ulikuwa na mchanga kidogo na ulikuwa wa moto mno, na sijapata kula kitu kitamu kama kile. Mama alikula mwisho, amefumba macho. Kisha, akiwa bado amefumba, akatoa mkono kuomba zaidi.

Kwenye kikao mama alisema alivyofundishwa. Alisema alishikwa taya. Alisema hakumeza kwa hiari, na watoto pia. Wazee walimwamini, au walitaka kumwamini, kwa kuwa kijiji kilichobakiwa na watu wachache hakifukuzi watoto. Shangazi alitolewa nje ya lango la kijiji. Mama alikuwa amesimama karibu na lile lango, na shangazi alipopita, mama akageuka kutazama upande mwingine.

Akaishi huko, chini ya njia. Alijenga kibanda, akalima kipande kidogo cha ngazi, akafuma shuka. Wanawake wa kijiji walizitaka zile shuka, hakuna aliyefuma kama yeye, basi waliacha chumvi juu ya jiwe na kuchukua shuka bila salamu. Tukipita kwenda shambani alituita kwa majina. Mama alitukaza mikono, tukapita. Alikuwa na binti wa kuoza, yaani mimi, na hakutaka mtu yeyote akumbuke nilikula nini. Nami niliolewa vizuri, ndani ya kijiji, na mume wangu hakuuliza.

Nilianza kwenda kibandani nikiwa mjane, sina wa kumwogopa. Mzee Leviso alishakufa zamani, tena kwa amani, mkekani, mbwa yule. Kanisa lilikuwa limejengwa, vijana hawakujua hata kifo kibaya ni kitu gani, ila walijua kwamba yule bibi wa chini hasalimiwi. Shangazi alinipikia. Alinisimulia haya yote akifuma, bila kulia, akinicheka nilipolia mimi. Jambo moja tu hakuweza kulisema huku akifuma. Aliweka uzi chini.

"Kiberiti nilikuwa nacho," alisema. "Kwenye pindo la shuka. Walikula mpaka vihenge vikaisha, na kiberiti kilikuwa hapa kiunoni. Nilitwanga kinanigonga."

"Ulikuwa unamlinda baba, shangazi."

"Ndiyo," alisema. "Nilimlinda vizuri."

Kila mavuno alijaza tenga moja la mchele safi, akalitundika juu ya moto lisiingie wadudu, na mavuno yaliyofuata akala wa zamani na kujaza mpya. Nilimwuliza ni wa nini, na yeye anakula kidogo kama ndege.

"Wa kwenu," alisema. "Vita ikirudi msihangaike. Mje hapa. Mama yako pia. Mwambie hata usiku aje, mlango haufungwi."

Nilimwambia mama. Mama alisema moshi unamwumiza macho.

Shangazi alikufa kwa uzee, amelala, kifo kizuri kuliko vyote vya ukoo wetu. Mchungaji alikuja akaomba akiwa amesimama njiani. Wanaume wanne walimzika upesi, wakanawa. Hakuna aliyeingia kibandani, na mtu mmoja akapendekeza kiachwe kianguke chenyewe, mtu wa kanisa huyo, shemasi. Niliingia mimi. Tenga lilikuwa juu ya moto uliozimika, limejaa mpaka ukingoni.

Nikalibeba mgongoni, nikapanda nalo kwa njia kuu, nikapita langoni mchana kweupe, kila mtu aone. Nikatwanga tena kidogo kuondoa pumba, nikapika, nikampelekea mama. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko na lile blanketi jekundu magotini.

"Mama, kula," nilisema. "Ni mchele wa wifi yako. Ndio wa mwisho."

Alisogeza uso juu ya bakuli, akavuta ule mvuke muda mrefu. Kisha akalisukuma bakuli kwa vidole viwili, taratibu, mpaka likafika ukingoni mwa meza.

"Sina njaa," alisema.